Kutoka Picha ya Pikseli hadi Vekta Safi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mchoro wa Kuchongwa Mbaoni kwa Mashine

Mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, haioni picha. Inachosoma ni mfululizo wa maelekezo ya kusogea kutoka nukta moja hadi nyingine, na maelekezo hayo hutengenezwa kutokana na mistari yenye mwanzo, mwisho na mwelekeo. Picha ya JPEG au PNG haina mstari hata mmoja. Ina miraba midogo ya rangi, yaani pikseli, ambayo jicho la mtu huiunganisha na kuona ukingo wa jani au mgongo wa samaki. Kugeuza picha hiyo kuwa vekta ni kuiambia programu ukingo huo uko wapi hasa, nayo iuandike kwa nodi, yaani nukta zinazoushikilia mstari, na mistari ya mkunjo.

Wengi huamini kwamba kazi hii yote inafanywa na amri moja ya kufuatisha picha. Amri hiyo huchukua sekunde chache tu, na matokeo yake hutegemea picha iliyoandaliwa kabla yake na usafishaji unaofanywa baada yake. Zaidi ya hayo, usafi wa vekta ya kuchongwa haupimwi kwa jinsi inavyopendeza kwenye kioo cha kompyuta. Hupimwa kwa kipenyo cha biti, yaani ncha ya kukatia inayozunguka, itakayoingia mbaoni, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na biti kabla ya kugusa picha.

Mifano imetolewa kwa kutumia GIMP na Inkscape, kwa kuwa programu zote mbili ni za bure na huendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Anayetumia programu nyingine atakuta amri zilezile kwa majina mengine.

Amua biti, ukubwa na aina ya uchongaji

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika mambo matatu: upana wa kazi kwa milimita, biti utakayotumia, na namna itakavyochonga. Biti yenye ncha bapa huchimba eneo lenye sakafu tambarare au hukata umbo zima kutoka kwenye ubao. Biti ya V huchonga mfereji ambao kina chake hubadilika kulingana na upana wa mchoro mahali hapo. Kuna pia uchongaji wa mstari mmoja, ambapo biti hufuata mstari wenyewe kama kalamu, na huu unahitaji aina tofauti kabisa ya vekta.

Jambo moja litenganishwe mapema. Picha ya uso wa mtu yenye vivuli laini, ambayo unataka itokeze kama sanamu ya mbao yenye mabonde na vilima, si kazi ya vekta. Picha ya namna hiyo hugeuzwa kuwa ramani ya vimo, ambamo mwangaza wa kila pikseli huonyesha kimo cha mbao mahali hapo. Mwongozo huu unahusu michoro yenye mipaka dhahiri: nembo, maandishi, mapambo, na maumbo ya wanyama na mimea yanayosomeka hata yakiwa meusi matupu juu ya nyeupe.

Chagua picha kwa hesabu

Gawanya upana wa picha (kwa pikseli) kwa upana wa kazi (kwa milimita). Picha yenye upana wa pikseli 600 ikichongwa kwa upana wa milimita 300 inatoa pikseli 2 kwa kila milimita, kumaanisha kwamba kila ngazi ya ukingo ni nusu milimita nzima, na ngazi hizo zitaonekana mbaoni zikiachwa. Kwa kazi za kawaida mimi hutafuta angalau pikseli 5 kwa milimita, na kwa maandishi madogo au biti ya V hutafuta 10 au zaidi. Mchoro wa karatasi uliopitishwa kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi hutoa karibu pikseli 12 kwa milimita, jambo linalofanya skana iwe bora kuliko picha ya simu, ambayo mara nyingi huja na kivuli upande mmoja na mstari ulionyooka ukiwa umepinda kidogo kwa sababu ya lenzi.

Kama unaweza kuchagua, chukua PNG badala ya JPEG. Mbano wa JPEG huacha vumbi la kijivu kuzunguka kila ukingo mkali, na vumbi hilo hugeuka visiwa vidogo wakati wa kufuatisha. Hakikisha pia una haki ya kutumia mchoro wenyewe, hasa kazi ikiwa ni ya kuuza.

Safisha picha kabla ya kuifuatisha

Fungua picha kwenye GIMP na uigeuze kuwa ya kijivu. Ikiwa mandhari ya nyuma si nyeupe kamili, tumia marekebisho ya viwango vya mwangaza: sogeza kishale cha nyeupe hadi karatasi ipoteze madoa yake, kisha sogeza kile cha nyeusi hadi wino ukolee. Futa kwa brashi nyeupe kila kisichohusika, kama vile sahihi, mikunjo ya karatasi na alama za penseli. Dakika moja ya brashi hapa ni nafuu kuliko kuwinda nodi baadaye.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo huamua ulaini wa kingo. Kuza picha mara 2 hadi 4 kwa kutumia ukokotoaji wa kubiki (chaguo la Cubic kwenye GIMP), kisha weka ukungu hafifu wa Gauss, mwingi kiasi cha kuyeyusha ngazi za pikseli lakini si mwingi hata ukaziba nafasi ndogo kati ya maumbo. Baada ya hapo tumia kizingiti, amri inayolazimisha kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe. Ukungu ulieneza ukingo kwenye pikseli kadhaa za kijivu. Kizingiti kinachagua mstari mmoja katikati ya kijivu hicho, na mstari huo unapita kwa ulaini pale palipokuwa na ngazi. Kukuza picha hakuongezi habari ambayo haikuwapo, ila kunaipa programu ya kufuatisha nafasi ya kuchora mkunjo badala ya kona.

Sogeza kizingiti taratibu ukitazama sehemu mbili tu: mahali pembamba kuliko pote pa nyeusi, na mahali pembamba kuliko pote pa nyeupe. Kikiwa chini mno, mistari myembamba hukatika. Kikiwa juu mno, tundu la herufi «e» huziba. Pakiwa hapana kiwango kimoja kinachofaa sehemu zote, usihangaike kukitafuta. Chagua kinachofaa sehemu kubwa, kisha urekebishe zilizobaki kwa brashi. Hifadhi matokeo kama PNG.

Kufuatisha

Ingiza PNG hiyo kwenye Inkscape, weka kipimo cha hati kuwa milimita, na urekebishe upana wa picha uwe upana halisi wa kazi. Ni vyema ukubwa upangwe sasa, kwa kuwa maamuzi yote yanayofuata yanapimwa kwa milimita za kweli. Chagua picha, kisha fungua dirisha la kufuatisha kwa Shift+Alt+B. Injini inayofanya kazi hiyo ndani ya Inkscape ni Potrace, programu ya Peter Selinger iliyotolewa mwaka 2001, na mipangilio yake mitatu inastahili kueleweka.

Mpangilio wa kwanza huondoa chenga: taja idadi ya pikseli, na kila kisiwa kisichozidi eneo hilo kitaachwa nje. Wa pili hulainisha kona, kuanzia 0, ambapo kila kitu hubaki na kona kali, hadi 1.34, ambapo karibu kila kona huviringwa. Kiwango cha 1 kinafaa michoro mingi ya mimea na wanyama, lakini kwa nembo yenye pembe za mraba kishushe. Wa tatu huunganisha vipande vya mkunjo vinavyofuatana ili nodi zipungue. Upandishe hadi utakapoona umbo linaanza kupotoka, kisha urudi nyuma kidogo. Kizingiti cha mwangaza hakina uzito mkubwa hapa, kwa kuwa picha yako tayari ni nyeusi na nyeupe, 0.5 inatosha.

Vekta mpya hukaa juu ya picha ya awali kabisa, kiasi kwamba mtu hudhani hakuna kilichotokea. Isogeze pembeni, kisha weka picha ya awali kwenye tabaka lililofungwa ili uitumie kama kielelezo.

Mchoro wa mistari, kwa mfano ua lililochorwa kwa kalamu, una tatizo lake. Kufuatisha kwa kawaida huona kila mstari wa wino kama umbo lenye kingo mbili, hivyo mashine itachonga mistari miwili sambamba mahali ulipotaka mmoja. Kama lengo ni uchongaji wa mstari mmoja, chagua kwenye dirisha hilohilo namna inayofuata mstari wa katikati, ambayo imo katika Inkscape tangu toleo la 1.0. Tarajia kazi ya mkono penye makutano ya mistari, kwani hapo huzaa vijitawi vifupi visivyohitajika.

Kuna vitu ambavyo havifai kufuatishwa kabisa. Duara, mstatili na mstari ulionyooka vichorwe upya kwa zana zake juu ya kielelezo. Duara linalotokana na kufuatisha halitakuwa duara kamili, na jicho hugundua kasoro hiyo upesi kwenye mbao. Maandishi nayo ni afadhali uyaandike upya kwa fonti ileile au inayofanana nayo sana, kisha uyageuze kuwa mizingo, yaani mistari ya kingo za umbo, kwa Shift+Ctrl+C, ili mashine isihitaji fonti iliyomo kwenye kompyuta yako.

Kupunguza na kupanga nodi

Hapa ndipo muda mwingi huenda, na ni haki yake. Badilisha mwonekano uwe wa mizingo mitupu bila rangi, kwa Ctrl+5, kisha chukua zana ya nodi kwa herufi N. Utaona ukweli ambao rangi nyeusi ilikuwa imeuficha: nodi zimesongamana penye mistari iliyonyooka, na visiwa vidogo vimetapakaa.

Duara kamili huhitaji nodi 4 tu. Mzingo wa jani la kawaida hauhitaji zaidi ya nodi 10. Ukikuta mamia mahali pa namna hiyo, tatizo si la macho peke yake. Kila kipande kifupi kati ya nodi mbili hubadilishwa kuwa amri ya kusogea, na mashine inapopewa maelfu ya vipande vifupi vyenye mielekeo inayoyumba, kidhibiti chake hulazimika kupunguza mwendo na kuongeza tena bila kupumzika. Biti inayokawia mahali pamoja husugua badala ya kukata, mbao hupata alama za kuungua, na kingo hutoka na mawimbi.

Amri ya kurahisisha, Ctrl+L, hupunguza nodi kwa mkupuo, lakini itumie kwa hadhari: ukiibonyeza mara kadhaa kwa haraka, Inkscape huongeza nguvu yake kila mara, na pembe ulizozitaka huanza kuyeyuka. Njia ninayoipendelea ni kuibonyeza mara moja, kulinganisha na kielelezo, kisha kuendelea kwa mkono. Futa nodi zilizo katikati ya mkunjo mrefu. Programu hujaribu kulihifadhi umbo kwa kurekebisha vishikio (mikono inayoongoza mkunjo) vya nodi zilizobaki. Acha nodi mahali mkunjo unapofikia ukomo wake wa juu, chini, kushoto na kulia, na mahali mwelekeo unapogeuka. Nodi ya mkunjo iwe laini kwa Shift+S, na ya pembe iwe kali kwa Shift+C.

Usafi huu una uzito wa pekee kwa biti ya V. Programu inayopanga njia ya biti hiyo hutafuta mhimili wa katikati wa umbo, yaani mstari ulio umbali sawa kutoka kingo zote mbili, na mhimili huo ni mwepesi mno kuathiriwa na kasoro za ukingoni. Kijinundu ambacho huwezi kukiona bila kukuza huzaa tawi jipya la mhimili, na tawi hilo huchongwa kama mkwaruzo unaoshuka kutoka ukingoni hadi chini ya mfereji. Ukuta wa herufi uliotakiwa kung'aa kwa ulaini hutoka na mikunjo midogomidogo. Hakuna msasa utakaoifikia chini huko, hivyo dawa yake ni kwenye nodi.

Pima umbo kwa biti

Biti ya mviringo haiwezi kuchonga kona kali ya ndani. Biti yenye kipenyo cha milimita 3.175 itaacha kila kona ya ndani ikiwa na mviringo wa nusu kipenyo, karibu milimita 1.59, na haiwezi kuingia kwenye nafasi iliyo nyembamba kuliko kipenyo chake. Programu nyingi huziruka sehemu hizo bila kulalamika, na mchongaji hugundua kwamba mshipa wa jani haupo baada ya kazi kwisha.

Kuna njia ya kuyaona haya mapema. Nakili umbo litakalochimbwa, weka kiungo cha mstari wake (namna mstari unavyogeuka konani) kiwe cha mviringo, kisha ulipunguze kuelekea ndani kwa kiasi cha nusu kipenyo cha biti. Sehemu zote ambazo biti haitoshei zitatoweka. Sasa lipanue lililobaki kuelekea nje kwa kiasi kilekile. Unachokiona ndicho kitakachochongwa, kona zikiwa zimeviringwa kama mbaoni. Inkscape hufanya hivyo kwa Ctrl+( na Ctrl+), na hatua ya kusogea hupangwa kwenye mapendeleo ya programu. Kiungo kisipokuwa cha mviringo, programu itazirudisha kona zikiwa kali, nawe utadanganyika.

Weka nakala hiyo yenye rangi juu ya umbo la awali na utazame tofauti. Kila sehemu iliyopotea ina njia tatu: kuipanua kwa mkono hadi biti ipite, kuiondoa kabisa, au kutumia biti ndogo zaidi kwa sehemu hiyo. Unapoipanua, acha nafasi ya ziada kidogo, kwa kuwa mfereji wenye upana wa milimita 3.175 kamili unaweza kukataliwa kwa sababu ya makadirio ya hesabu.

Tazama pia mbao zitakazobaki zimesimama. Ukuta mwembamba kati ya mashimo mawili huvunjika upesi zaidi unapokatisha nyuzi za mbao kuliko unapokwenda sambamba nazo. Mdomo wa ndege au ncha ya jani ielekezwe kufuata nyuzi, hata ikibidi kuzungusha mchoro mzima, na kwenye plaiwudi sehemu hizo zinenepeshwe, kwa kuwa tabaka la juu hubanduka kirahisi.

Kwa biti ya V, kipimo ni cha kina. Kina cha mfereji ni nusu ya upana wake ukigawanya kwa tanjiti ya nusu ya pembe ya biti. Mfereji wa milimita 20 kwa biti ya nyuzi 90 hushuka milimita 10. Kwa biti ya nyuzi 60 hushuka karibu milimita 17.3, na ubao wa milimita 18 utakuwa umebaki na ngozi tu. Ama weka kikomo cha kina na usafishe sakafu kwa biti bapa, ama punguza upana wa maumbo makubwa mchoroni.

Funga mizingo, ondoa nakala

Eneo huchimbwa tu likiwa na mzingo uliofungwa. Nafasi ya sehemu ya mia ya milimita kati ya nodi mbili za mwisho inatosha kuifanya programu iuone mzingo kuwa mstari wazi. Chagua nodi hizo mbili na uziunganishe. Kwenye michoro iliyofuatishwa kwa kawaida mizingo huja imefungwa, na nafasi hizi huzaliwa baadaye, pale mtu anapokata na kufuta vipande.

Maumbo yanayopishana yaunganishwe kuwa moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, la sivyo mashine itachonga pia mistari iliyofichwa ndani. Nakala zilizolaliana ni hatari zaidi, kwa sababu hazionekani hata kwenye mwonekano wa mizingo: biti hupita njia ileile mara mbili na kuichoma mbao. Zigundue kwa kutenganisha vipande kwa Shift+Ctrl+K, kisha kubofya kila umbo na kulisogeza kidogo. Likionekana jingine chini yake, futa moja. Baada ya kutenganisha, matundu ya herufi hugeuka maumbo yanayojitegemea, hivyo yarudishe kwa kuchagua umbo la nje pamoja na tundu lake na kubonyeza Ctrl+K.

Hamisha faili na ujaribu

SVG, aina ya faili ya vekta, ndiyo chaguo la kwanza iwapo programu ya kupanga njia ya biti inaikubali, kwa kuwa huhifadhi mkunjo kama mkunjo. DXF, aina nyingine ya faili ya vekta, hukubalika kwingi, lakini baadhi ya matoleo yake, hasa R12, huvunja mikunjo kuwa vipande vilivyonyooka, na faili hiyo mara nyingi haitaji kama vipimo vyake ni milimita au inchi. Umbo likija likiwa kubwa mara 25.4, sababu ni hiyo. Likija kwa theluthi moja zaidi au robo pungufu, tatizo ni pikseli 96 kwa inchi za Inkscape kukutana na programu inayohesabu 72. Weka mraba wa milimita 100 pembeni mwa kila faili, uupime kwenye programu ya pili, kisha uufute kabla ya kupanga njia.

Kabla ya ubao wa thamani, chonga sehemu ngumu kuliko zote, si mchoro mzima, kwenye kipande cha MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa kina cha milimita 1 hadi 2. MDF haina nyuzi, kwa hiyo kasoro inayoonekana hapo haiwezi kusingiziwa mbao. Vipande bapa kwenye mkunjo vinaashiria uhamishaji wenye vipande vichache mno, na mawimbi madogo yanaashiria nodi nyingi mno. Manyoya ya nyuzi ukingoni yakitokea kwenye ubao halisi baada ya jaribio la MDF kutoka safi, vekta haina kosa. Angalia ukali wa biti, mwendo wake na upande inakokata.